Sababu Alizozitaja Mary Shelley, na Ile Aliyoinyamazia

Mwandishi Mwingereza Mary Shelley ana maelezo mawili ya kwa nini Frankenstein, riwaya yake ya kijana anayeunda kiumbe na kukipa uhai, iliandikwa, na hayafanani.

Dibaji ya 1818, kitabu kilipotoka bila jina la mwandishi, inasema kisa kilianza kama burudani siku za mvua karibu na Geneva, kwa nia ya kuonyesha uzuri wa mapenzi ya kifamilia. Hiyo siihangaikii. Mary mwenyewe alikuja kusema iliandikwa na mumewe, Percy.

Maelezo ya pili yamo katika utangulizi wa toleo la 1831. Wachapishaji walitaka kujua chimbuko la hadithi, naye akajibu: mshairi Byron, waliyekuwa naye karibu na Geneva mwaka 1816, aliwataka wote watunge visa vya mizimu, na kila asubuhi Mary alipoulizwa kama amepata chake, alikiri kwa aibu kuwa bado. Kisha usiku mmoja, amefumba macho lakini hajalala, akamwona kijana amepiga magoti kando ya kiumbe alichokiunga, nacho kikatikisika.

Wanaotilia shaka wana hoja. Miaka 15 ilikuwa imepita. Byron, Percy na Polidori, daktari wa Byron aliyekuwa nao, walikuwa wameshakufa. Tena shajara ya Polidori ya tarehe 17 Juni 1816 inasema wote wameanza hadithi zao isipokuwa yeye. Sasa hizo asubuhi za aibu zilikuwa lini? Ila Polidori hakutaja siku Byron alipotoa wazo lake. Huenda zilikuwa zimepita kadhaa. Na Mary alikumbuka mbalamwezi ikipenya dirishani. Mwaka 2011 mwanafalaki Donald Olson alipiga hesabu na kukuta kwamba usiku wa kuamkia tarehe 16 mwezi ungemulika kweli.

Kwa hiyo njozi naikubali. Lakini njozi ni picha tu, haielezi kwa nini ilimjia yeye. Mary anataja mazungumzo ya Byron na Percy kuhusu chanzo cha uhai, na ni haki yake: wasomaji wengi huona uchungu wa mwanamke wakasahau akili yake. Hata hivyo, Machi 1815 alikuwa amefiwa na mtoto mchanga, na hilo utangulizi wa 1831 hauligusi. Siku chache baada ya msiba aliandika katika shajara kwamba ameota mtoto amefufuka: kumbe alikuwa na baridi tu, wakamsugua mbele ya moto, akawa hai. Akaamka, mtoto hayupo.