Ziwa Likipata Nafuu, Udongo Bado Mgonjwa

Tangu nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini zilipotia saini Mkataba wa Geneva wa 1979 kuhusu uchafuzi wa hewa unaovuka mipaka, salfa inayotokana na makaa ya mawe na mafuta, ambayo hugeuka asidi (tindikali) hewani na kushuka na mvua, imepungua sana, na maziwa mengi yaliyokuwa na tindikali yameanza kupata nafuu. Hapo ndipo wapangaji wa bajeti huuliza kwa nini vituo vinavyopima mvua na maziwa hayo visifungwe. Naipinga fikra hiyo, na sababu yangu kubwa imo ardhini.

Mvua ya tindikali inapopenya udongoni kwa miongo kadhaa, huondoka na kalsiamu na magnesiamu, ambazo ndizo akiba inayouwezesha udongo kuizimua asidi (kuivunja makali), na akiba hiyo hurejeshwa hasa na miamba inayolika polepole mno. Katika msitu wa Hubbard Brook nchini Marekani, ambako mvua na vijito vimepimwa tangu 1963, maji ya vijito yalichelewa kupona ingawa mvua ilikuwa imeanza kuwa safi, kwa kuwa udongo ulikuwa umekwisha kupoteza kalsiamu nyingi. Anayepima mvua peke yake asingeligundua hilo.

Kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi majini (namba ikishuka, asidi imezidi), nacho hudanganya kikiachwa peke yake. Ziwa laweza kuonyesha pH ileile mwaka baada ya mwaka huku uwezo wake wa kuzimua asidi ukipungua, na uwezo huo ukiisha pH huporomoka ghafla. Tena theluji inapoyeyuka, asidi humiminika kwa siku chache tu pamoja na alumini iliyotoka udongoni, ambayo hudhuru matamvua ya samaki. Mpimaji anayefika mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi bila shaka, atakuta maji mazuri yasiyo na samaki.

Ndiyo maana viumbe wadogo wahesabiwe pia. Katika Ziwa 223 huko Ontario, Kanada, ambalo watafiti walianza kulitia asidi kwa makusudi mwaka 1976, samaki wadogo na viumbe wengine wanaoliwa na samaki wakubwa walianza kutoweka pH ikiwa bado karibu na 6, na hao wakubwa wakaja kukonda baadaye kwa njaa. Aliyekuwa akiwatazama wakubwa tu angalichelewa kwa miaka. Nayo amonia ya mbolea na samadi, ambayo haijapungua kama salfa, ingali inaongeza asidi udongoni, na mwaka usiopimwa hauwezi kupimwa baadaye.