Kansa haitaki kisu? Wazee wa Kibosho wana hoja, ila wanahesabu vibaya

Kwenye matanga kule Kibosho, juu kidogo ya Moshi mjini, mama mmoja aliyekaa karibu yangu alisema kwa sauti ya chini: "Alikuwa anatembea vizuri tu. Walipomkata ndiyo ikasambaa." Wanawake wote waliokuwa pale wakaitikia kwa kichwa. Nami nilinyamaza, maana msibani si pa kubishana.

Madaktari vijana wakisikia maneno haya hucheka. Mimi sicheki.

Ukijikata na panga shambani kwenye migomba, mwili huamsha vichocheo vya ukuaji. Hizi ni protini ndogo zinazomwagwa na chembe za kugandisha damu na seli za kinga. Hunasa kwenye vipokezi vya seli za jirani na kuziamuru zigawanyike, zisogee, zizibe pengo. Kimoja, VEGF, kazi yake ni kuita mishipa mipya ya damu. Kidonda kikifunga, amri zote hukoma. Kwenye kansa amri hizo hizo hazikomi, na ndiyo maana mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Harold Dvorak, aliufananisha uvimbe na kidonda kisichopona. Mwaka huo huo Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua vichocheo hivyo.

Sasa sikia hili. Mwaka 1985, maabara ya Mina Bissell kule California ilitoa matokeo ya kuku waliodungwa virusi vya Rous, vinavyoletea kuku kansa, kwenye bawa moja. Uvimbe uliota pale pale. Bawa la pili lilibaki salama, mpaka lilipojeruhiwa. Nalo likaota uvimbe. Baadaye ikaonekana kwamba kichocheo kiitwacho TGF-beta kinaweza kufanya kazi ya hilo jeraha. Mwaka 1994 timu ya Judah Folkman, Boston, ikaonyesha jambo la ajabu zaidi kwa panya: uvimbe mkubwa ulikuwa ukitoa protini inayovinyima mishipa ya damu vivimbe vidogo vya mapafuni. Ulipoondolewa, vile vidogo vikafumuka. Mzee wa Kibosho angesema: si tuliwaambia?

Lakini tazama vizuri. Kuku wale walikuwa na virusi mwilini tayari, na panya wale walikuwa na mbegu za kansa mapafuni kabla ya kisu kugusa ngozi. Jeraha lilimwagilia mbegu, halikuzipanda. Na uvimbe hauhitaji mpasuaji ili upande mbegu. Seli zake hutoa VEGF zenyewe, mishipa inayoota huwa na kuta zinazovuja, na seli hupenya humo usiku na mchana. TGF-beta nayo ni ndumilakuwili: kansa ikiwa changa huikandamiza, ikikomaa seli huacha kusikia katazo na kukitumia kichocheo hicho hicho kujing'oa na kusafiri. Kwa hiyo uvimbe "usioguswa" kwa miezi minane haukai umetulia.

Hapa ndipo hesabu inapokosewa. Mgonjwa wetu wa kawaida huanza na majani, kisha maombi, kisha duka la dawa. Anapofika hospitali, kansa iko hatua ya 3 au ya 4. Anafunguliwa, ini linakutwa limejaa kansa, anashonwa, na baada ya wiki chache tunachimba kaburi. Anayeanza kuhesabu siku ya kisu ataona kisu kimeua. Aanze siku kivimbe kiliposhikwa mara ya kwanza bafuni, ataona kitu kingine kabisa.

Hata hivyo sikubaliani na daktari anayesema kisu, na sindano ya kuchukua kipimo cha uvimbe, havina neno kamwe. Madaktari wenyewe wana sehemu wanazoziogopa. Korodani yenye uvimbe haichomwi sindano kupitia pumbu. Huondolewa kwa kupasua kwenye kinena. Ini, picha zikitosha kuthibitisha kansa, mara nyingi huachwa bila kudungwa, kwa sababu seli zinaweza kufuata njia ya sindano. Mtu akipewa jibu hili lote ataelewa. Akichekwa, ataondoka na hatarudi.

Kwenye titi mizani inalala kabisa upande wa kupima. Kati ya kansa 100 za titi, takriban 15 hadi 20 zina vipokezi vya amri za ukuaji viitwavyo HER2 kupita kiasi, na trastuzumab, dawa inayovibana, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 na kuingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2015. Bila kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kupimwa, hakuna anayeweza kujua nani ni wa hiyo dawa. Na si kila kichocheo kikizibwa mgonjwa hupona: bevacizumab, inayozuia VEGF, ilifutiwa idhini ya kansa ya titi Marekani mwaka 2011, kwa kuwa haikuthibitika kurefusha maisha ya wanawake hao.

Kemo sasa inapatikana hapa hapa Moshi, hospitali ya KCMC, bila kuteremka hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam. Kinachoniudhi ni ile nafasi ya katikati, kati ya kipimo na matibabu. Kinyama kimechukuliwa, nauli imeisha, mgonjwa anaambiwa arudi baadaye, kisha arudi tena. Huku nyumbani uvimbe unakua, na jirani anajua wa kumlaumu: kisu, kwa sababu ndicho pekee alichokiona.

Siku ya tatu ya matanga yule mama alinivuta pembeni. Binti yake ana kivimbe titini. "Mwanangu, wakichukua kinyama ndiyo wamekata?" Nikamwambia, "Hapana mama, mara nyingi ni sindano tu, nene kidogo, na wanatia ganzi." Akafikiri kidogo, akajifunga kanga vizuri.

"Na majibu yanatoka lini?"