Chumvichumvi na deni la chokaa

"Chumvichumvi imeua ardhi." Ukizunguka mashamba ya Muheza, mkoani Tanga, msimu wa palizi, kauli hii kuhusu mbolea ya viwandani utakutana nayo kabla hujamaliza kusalimia. Mara ya mwisho niliisikia kwa mzee mmoja aliyeng'oa bua la mhindi mbele yetu, akakung'uta udongo mwekundu, akaniwekea mizizi mkononi. Ilikuwa mifupi, minene, butu kama vidole vya mtoto, bila vile vinywelea vinavyotakiwa kutafuta maji na chakula.

"Tazama mwenyewe, mwanangu. Zamani mfuko mmoja wa kukuzia, unavuna mpaka unakosa pa kuweka. Sasa natia miwili, naambulia magunzi."

Bwana shamba tuliyefuatana naye akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyekwisha kujibu swali hilo mara mia. "Mzee wangu, mbolea haiui ardhi. Tatizo lenu mnatia kidogo."

Wote wawili wana hoja. Ila ya bwana shamba ina vijarida, semina na mabango ya barabarani, na ya mzee ina ile mizizi tu. Ndiyo maana nitakaa zaidi upande wa mzee, na msomaji aniwie radhi.

Kwanza tumpe bwana shamba haki yake. Tani 3 za mahindi kwa hekta si mavuno ya ajabu, lakini punje hizo peke yake huondoka shambani na kilo 45 hivi za naitrojeni. Samadi iliyokauka na kutunzwa vizuri huwa na naitrojeni kati ya asilimia 1 na 2, na ile ya zizi lililo wazi, lililopigwa jua na kunyeshewa, huwa chini ya hapo. Kurudisha hizo kilo 45 kwa samadi ni kubeba tani kati ya 2 na 4 na ushei kila mwaka kwa kila hekta, na hata hivyo si yote inayotoka msimu ule ule. Mzee wetu ana mbuzi wanne. Anayewaambia wakulima wa Muheza waachane na dukani wategemee samadi tu awaambie pia hao ng'ombe watatoka wapi.

Kisha bwana shamba ana hoja ya pili, nzito zaidi ya hiyo. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaahidi kwamba ifikapo 2015 mkulima wa bara hili atakuwa anatia kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Mwaka huo ulipita na nchi nyingi ziko mbali na lengo, Tanzania ikiwamo. Mashamba mengi yanayosemwa yameuawa na chumvichumvi hayajaionja kiasi cha kuua hata kisamvu. Yana njaa. Dalili yake moja iko wazi kwa kila anayepita: kiduha, lile gugu dogo la maua mekundu linalonyonya mizizi ya mahindi, ambalo hustawi sana kwenye udongo uliochoka.

Mpaka hapo bwana shamba ameshinda. Lakini ile mizizi butu haijajibiwa.

Mizizi ya namna ile ni alama inayojulikana ya udongo wenye tindikali kali. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5 na kidogo, alumini iliyokuwa imefungwa kwenye udongo huanza kuyeyuka, na ncha ya mzizi ikikutana nayo hudumaa. Chuma na alumini hizo hizo huikamata fosforasi, kwa hiyo hata mbolea ya kupandia uliyoilipia inabaki ardhini, mmea unaiona hauipati. Mkulima anatia zaidi, anavuna kidogo. Ni maneno yale yale ya mzee, yamevaa koti jeupe la maabara.

Sasa, tindikali inatoka wapi? Mvua nyingi za miaka na miaka huileta bila msaada wa mtu. Lakini mbolea za amonia nazo huileta. Bakteria wa udongoni huigeuza amonia kuwa naitreti, na katika kazi hiyo huachia tindikali. Mmea ukiinywa naitreti, sehemu ya tindikali hufutika. Masika ikiiwahi, naitreti inateremka chini pamoja na kalsiamu na magnesiamu, na tindikali inabaki pale pale penye mizizi.

Wataalamu wana makadirio ya deni hili, na ndiyo tarakimu inayonisumbua kuliko zote. Kila kilo 1 ya naitrojeni inayotiwa kwa SA, yaani salfeti ya amonia, hudai kama kilo 5.4 za chokaa ili tindikali yake ifutike. Kwa urea ni kama kilo 1.8. Fanya hesabu ya mfuko. SA ya kilo 50 ina naitrojeni asilimia 21, yaani kilo 10.5. Deni lake ni kama kilo 57 za chokaa, kupita uzito wa mfuko wenyewe! Urea, yenye asilimia 46, inadai kilo 41 kwa mfuko. CAN, mbolea nyingine ya kukuzia, ina chokaa ndani yake, kwa hiyo deni lake ni dogo sana.

Mzee anasema alianza kutumia SA enzi za ushirika. Tuseme alitia mifuko miwili kwa ekari kila mwaka kwa miaka ishirini. Ni mifuko 40. Deni lake linapita tani 2 za chokaa kwenye ekari moja. Udongo wenyewe una uwezo wa kulibeba kwa muda, na wa mfinyanzi hubeba zaidi kuliko wa kichanga, ndiyo maana miaka ya mwanzo mavuno yalikuwa mazuri na hakuna aliyeshtuka. Katika miaka yote hiyo, namuuliza, aliwahi kuambiwa atie chokaa? Akaniangalia kama nimemuuliza kama amewahi kupaka shamba rangi.

Wala si jambo jipya duniani. Uingereza kuna mashamba mawili ya majaribio ambayo ningependa kila afisa ugani ayajue. Moja ni Broadbalk pale Rothamsted, ambako ngano imekuwa ikilimwa tangu 1843, vipande vingine kwa samadi na vingine kwa mbolea za madini, na vile vya madini vilivyopata virutubisho kamili vimeendelea kutoa mavuno ya kushindana na vya samadi. Watetezi wa mbolea hulitaja kila siku. La pili, Woburn, hawalitaji. Pale majaribio yalianza 1876 kwenye udongo wa kichanga, na vipande vya shayiri vilivyokuwa vikipewa chumvi za amonia vilianza vizuri, vikadhoofika, na baada ya miaka kama ishirini vikakataa. Mwaka 1897 wakatia chokaa, shayiri ikarudi.

Chumvi za amonia zilitumika kote kuwili. Broadbalk lilinusurika kwa sababu wakulima wa zamani walikuwa wamelimwagia chaki nyingi kabla hata jaribio halijaanza. Woburn halikuwa na akiba hiyo. Kwa hiyo anayesema "mbolea haiui ardhi" ana Broadbalk mfukoni, na anayesema "imeiua" ana Woburn, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo.

Na hapa ndipo Tanga inaponichekesha na kuniudhi kwa pamoja. Mji huu ulikuwa na kiwanda cha mbolea kilichoanza uzalishaji 1972 na kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, na SA ilikuwa miongoni mwa mazao yake. Wakati huo huo mji umekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni chokaa iliyotobolewa na maji, saruji ya Pongwe inatokana na mawe hayo, na chokaa ya kupakia kuta ipo tele. Kiwanda kilikuwa mjini, dawa ya kasoro yake ilikuwa mjini, na vitu hivi viwili havikupanda gari moja kwenda shamba. Hata leo mjadala wa pembejeo, tangu ruzuku irudi msimu wa 2022/23, ni wa mifuko: mingapi, bei gani, imefika lini. Nilipoulizia chokaa ya kilimo kwenye duka moja la pembejeo, kijana wa kaunta alinielekeza duka la vifaa vya ujenzi.

Lakini mzee naye nisimwache aondoke na ushindi wote. Shamba lake lilikuwa kipande cha shamba la mkonge. Hadithi ya Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge kwa miche 62, watu wa Tanga wanaijua, sitairudia. Isiyosimuliwa sana ni kile mkonge ulichoondoka nacho. Katika jani, nyuzi ni kama asilimia 4 tu, na mengine yote hubaki kwenye korona, ile mashine ya kusindika mkonge. Miaka nenda rudi majani yalibebwa na kalsiamu na potasiamu zake, na makapi yakarundikwa pale mashine ilipo au yakatiririshwa mtoni. Kuna ugonjwa uliowasumbua wenye mashamba, jani likinyauka ukanda karibu na shina, na watafiti wa kituo cha Mlingano walipoufuatilia waligundua chanzo chake ni njaa ya potasiamu, si kijidudu. Kwa maana hiyo ardhi ya mzee ilikuwa na madeni kabla yeye hajanunua mfuko wake wa kwanza. Chumvichumvi haikukuta ardhi nzima ikaiua. Ilikuta mgonjwa, ikampa kirutubisho kimoja na kumwongezea tindikali.

Kwa hiyo tiba nayo si kumwaga chokaa kila mahali. Ukishuka pwani kwenye udongo wa matumbawe, chokaa imejaa tayari, na ukiiongeza unaifunga zinki na chuma. Na kwenye udongo wenye tindikali, fosfeti ya Minjingu, ile ya Manyara, hufanya kazi vizuri kwa sababu tindikali ndiyo inayoiyeyusha, tena inakuja na kalsiamu yake. Ushauri mmoja wa "DAP kupandia, urea kukuzia", DAP ikiwa mbolea ya fosfeti ya amonia, kutoka Lushoto hadi Pangani ndio ninaoulaumu, kuliko mbolea yenyewe.

Mlingano, kituo cha taifa cha utafiti wa udongo, kiko humo humo wilayani, umbali wa nauli ya bodaboda. Mzee hajawahi kupeleka udongo wake huko, na bwana shamba hakuwahi kumwambia aupeleke. Siku ile, baada ya kubishana mpaka jua likapanda, tuliamua kuuchukua. Tulipita shambani kwa kukatakata kona, pointi kumi na tano, kina cha sentimita 20, tukachanganya kwenye ndoo ya plastiki, tukabakiza nusu kilo ya kuanika kivulini. Mzee ndiye aliyeshika jembe. Tulipofika kando ya banda la mbuzi, penye migomba iliyonona, bwana shamba akamwahi asichimbe, akamweleza kwamba udongo wa pale utaharibu majibu.

"Najua," mzee akasema, na jembe lake lilikuwa limekwisha kupita. "Pale hapaumwi."