Tikitaka Ni Yetu, Tusinyang'anywe

Juzi kwenye banda umiza hapa Mtwara nilijichanganya nikasema bao la tikitaka, lile la kuruka ukaupiga mpira kinyumenyume hewani, alilofunga Ronaldo wa Real Madrid kule Turin, mwaka 2018, sijaona la kulifikia. Mashabiki wa Juventus, wapinzani wake siku hiyo, wenyewe walisimama wakampigia makofi. Kijana mmoja akanikata: "Kaka, tikitaka ni zile pasi za Hispania. Hiyo inaitwa baiskeli." Banda zima likacheka. Nikacheka nao, ila limenikaa.

Jina la hizo pasi lilivuma kwenye Kombe la Dunia la 2006, mtangazaji wa Hispania Andrés Montes alipolishikia bango. Mimi mwaka huo tayari nilikuwa na kifundo cha mkono kilichopinda kidogo kwa ajili ya tikitaka. Niliruka kwenye uwanja wa shule, changarawe tupu, nikatua kwa kiganja. Mpira wenyewe sikuugusa. Mama alinikanda kwa maji ya chumvi huku ananisema.

Nenda ufukwe wa Shangani jioni maji yakiwa yametoka. Magoli ni kandambili, mpira ni wa makaratasi umefungwa kamba. Dogo analipa goli mgongo, anarusha kwanza mguu asiopigia, halafu ule wa kupigia unapanda kwa kasi, miguu inapishana hewani kama mkasi. Tiki, taka. Masikio yangu yanasikia jina humo humo. Anatua kwa mikono na bega, mchanga umejaa kwenye nywele, na hata akikosa watoto wanapiga kelele za jina hilo hilo. (Mchanga ndio mwalimu wake. Ningekuwa nao mimi, mkono wangu ungekuwa umenyooka.)

Wenzetu wala hawaombi ruhusa. Wachile wanaiita chilena, wanasema ni ya Ramón Unzaga wa Talcahuano. Waperu wanakataa katakata, kwao ni chalaca, yaani ya watu wa bandari ya Callao. Wabrazili wana bicicleta yao. Wanagombana miaka nenda rudi na hakuna anayeambiwa amekosea kutaja.

Sisi tu ndio tunasahihishana, tena kwa neno la watu waliolikuta mdomoni mwetu. Hizo pasi fupi fupi tuna jina lake, gonga. Kijana yule akitaka baiskeli aendeshe, barabara ya Mikindani ipo.