Rangi ya Juu Ikwanguliwe, Picha ya Kwanza Ibaki

Kabati la gemu la zamani, yaani mashine ya kuchezea gemu kwa sarafu, likiingia katika karakana ya seremala hapa Mbeya, kitu cha kwanza kushikwa ni msasa. Mwenye mali anataka liwe jipya, fundi anataka kazi iishe, na wote wawili hukubaliana upesi kwamba picha zilizochakaa ubavuni zifutwe, puti ipakwe, kisha rangi moja inayong'aa ifunike kila kitu. Mimi ninaupinga utaratibu huo, ingawa ninajua unavyorahisisha kazi. Ninaamini kwamba kinachostahili kukwanguliwa ni rangi zilizoongezwa baadaye, na kwamba picha ya kwanza, ile iliyotoka nayo kiwandani, isiguswe mpaka ithibitike kuwa haiokoleki.

Sababu ninaiona katika historia ya mashine hizi. Makabati haya ya mbao, yenye kioo mbele na tundu la kutumbukizia sarafu, yalipata umaarufu mkubwa baada ya kampuni ya Taito ya Japani kutoa gemu ya Space Invaders mwaka 1978 na Namco kutoa Pac-Man mwaka 1980. Yalikuwa vitega uchumi. Gemu ilipokosa wachezaji, mwenye mashine hakuwa na haja ya kununua kabati jingine. Alibadilisha bodi ya umeme iliyomo ndani, akapiga rangi nyeusi ubavuni na kuweka jina la gemu mpya juu. Kampuni ya Nintendo yenyewe ilipitia njia hiyo mwaka 1981, pale mashine za gemu yake ya Radar Scope zilizododa Marekani zilipogeuzwa kuwa za gemu ya Donkey Kong, na ndiyo maana baadhi ya makabati ya mwanzo ya Donkey Kong ni mekundu ilhali yaliyofuata ni ya buluu. Mwaka 1985 ulipokuja mpangilio wa pamoja wa nyaya uitwao JAMMA, kubadilisha gemu kukawa kwepesi zaidi. Kwa hiyo kabati linaloonekana jeusi tii leo linaweza kuwa limeficha picha nzima chini ya weusi huo.

Nimeishuhudia picha ya namna hiyo ikijitokeza katika karakana moja ya Mwanjelwa hapa Mbeya, kwenye kabati lililokuwa limeingia nchini kupitia Tunduma, mpakani na Zambia. Kwenye kona ya chini, mahali panapogongwa na viatu na mafagio, rangi nyeusi ilikuwa imebanduka kiasi cha ukucha, na ndani yake ulionekana mstari wa njano uliopakana na mwekundu. Haikuwa stika. Ukipitisha kidole taratibu ulihisi ukingo mdogo pale rangi moja ilipoikalia nyingine, kwa kuwa makabati mengi ya miaka ile yalichorwa kwa stensili, yaani kiolezo kilichotobolewa umbo la picha, moja kwa moja juu ya ubao, kila rangi kwa zamu yake. Fundi alikwisha kushika msasa namba 80, ule wenye chembe kubwa. "Bosi, tupige rangi tu, itang'aa," aliniambia, na kwa mazoea ya kazi yake alikuwa na haki ya kusema hivyo. Nilimwomba tujaribu kona ile kwanza kwa kipande cha plastiki kilichochongwa makali na hewa ya moto kidogo. Aliyepaka nyeusi hakuwa ameparuza uso wa chini, kwa hiyo rangi yake haikushika vizuri. Iliinuka kwa mapande mapana, na njano ikabaki mahali pake. Msasa ule ungeziondoa zote mbili kwa mkupuo mmoja.

Hewa ya moto ikizidi huilainisha rangi ya kwanza pia, na hapo mkono usio na subira huharibu kila kitu. Dawa za kuondolea rangi ninaziogopa zaidi. Zile zenye kloridi ya methilini hufanya kazi haraka sana, lakini mvuke wake umeua watu waliozitumia katika vyumba vilivyofungwa, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kuwauzia watumiaji wa kawaida dawa za aina hiyo. Hapa kwetu hatari ina sura yake. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Mbeya huwafanya mafundi wafunge milango na kuwasha jiko la mkaa pembeni. Mvuke huo ukipita kwenye moto huweza kutoa fosjini, gesi yenye sumu kali, na thina nayo hulipuka kwa cheche tu. Kazi hii ifanyiwe nje, au isifanywe. Vumbi la rangi ya zamani nalo huweza kuwa na madini ya risasi, hivyo barakoa ya kitambaa haitoshi.

Sisemi kwamba kila picha inaokoleka. Makabati mengi ni ya chipbodi, yaani ubao wa chembechembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi, na chipbodi iliyonyonya maji ya kudekia sakafu kwa miaka huvimba na kumeguka kama mkate uliolowa. Hakuna picha inayoweza kusimama juu yake. Hapo ninakubali ubao ukatwe, lakini ukatwe ulioharibika tu, na kiungwe kipande cha plaiwudi, ambayo Mafinga huizalisha kwa wingi kutokana na miti ya Mufindi. Kabla ya kukata, picha inakiliwe kwa ukubwa wake halisi juu ya nailoni angavu, mstari kwa mstari. Rangi zake zilinganishwe na sehemu ambayo jua halikuifikia, kwa mfano chini ya ukanda wa plastiki unaozunguka kingo. Kisha kazi apewe mchoraji wa mabango, ambaye amezoea kukata stensili na kuchanganya rangi kwa jicho. Stika kubwa ya dukani inang'aa mno na haina ule ukingo wa rangi juu ya rangi. Mbeya ina wachoraji wenye mikono mizuri, na inanisikitisha kuwaona wakikosa kazi kwa sababu ya mashine ya kuchapisha.

Rangi ya kumalizia nayo isipulizwe masika. Unyevu hunasa ndani ya vanishi inayokauka haraka na kuacha ukungu mweupe juu yake, na kwenye baridi ya Juni rangi ya mafuta hukawia kukauka mpaka inakusanya vumbi. Ningesubiri Septemba, na hata hapo ningepuliza asubuhi, kabla upepo haujaanza.

Kinachokwamisha haya yote ni namna tunavyolipana. Fundi anayelipwa kwa kabati zima, bei ileile iwe amekwangua kwa uangalifu au amepitisha msasa, atachagua msasa, na mimi ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Mwenye kabati akubali kulipa kwa siku, walau kwa hatua ya kukwangua, na akague kazi mwenyewe kila jioni. Asiyeweza gharama hiyo aliache kabati na weusi wake, kwa sababu picha iliyo chini ya rangi hiyo inaweza kumsubiri mwenye uwezo.