Huo utafiti aliulipia nani?

Mwezi uliopita shangazi yangu, ambaye ana sukari miaka mingi sasa, karusha klipu kwenye grupu la familia wasap, jamaa kavaa koti jeupe anasema "utafiti umethibitisha" maji ya ndimu asubuhi yanayeyusha mafuta ya tumbo. Nikampigia nikamuuliza, shangazi, utafiti wa nani, walipimwa watu wangapi? Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si daktari huyo?"

Mi simlaumu hata kidogo, maana nani alitufundisha kuuliza?

Mwaka 2015 mwandishi John Bohannon na waandishi wa televisheni wa Ujerumani waliamua kuonyesha jinsi habari za lishe zinavyopikwa, wakapima watu 15 tu kwa siku 21, wengine wanakula chokoleti nyeusi kila siku, na kila mtu anapimwa vitu 18, uzito, kolestro, sodiamu, usingizi, mpaka protini za kwenye damu. Sasa ukipima vitu vyote hivyo kwa watu kiduchu namna hiyo, kuna uwezekano mkubwa kimoja kitoke kizuri kwa bahati tu. Kikatoka uzito. Wakalipa ada, jarida la utafiti likachapisha, magazeti yakadaka: chokoleti inapunguza mwili!

Ila msije mkadhani idadi ndo kila kitu. 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi za afya za taifa kule Marekani walichukua watu 20 tu, lakini hao walilala pale pale kituoni wiki nne, chakula chao kinapimwa, wiki mbili wanapewa vya kiwandani vilivyosindikwa sana na wiki mbili vya kawaida, wanakula mpaka waridhike. Kwenye vya kiwandani walikula kama kalori 500 zaidi kwa siku na wakaongezeka karibu kilo moja. Hautuambii baada ya miaka mitano ingekuwaje, lakini mi nauamini kuliko utafiti wowote wa maelfu ya watu wanaoulizwa tu mwaka jana ulikula mayai mara ngapi, hebu jaribu wewe kukumbuka.

Halafu kuna hela, na hapa ndo panaponiuma. Taasisi ya wenye viwanda vya sukari Marekani iliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500, makala yakatoka 1967 kwenye New England Journal of Medicine, jarida kubwa kabisa, yakiyabebesha mafuta lawama za ugonjwa wa moyo na kuipunguzia sukari, na msomaji hakuambiwa nani kalipa. Imekuja kujulikana 2016, barua za zamani zilipofukuliwa. Miaka 49 jamani! Siku hizi mfadhili huandikwa mwishoni kabisa mwa makala, kwa herufi ndogo, na kwa Kiingereza, ndo maana kina shangazi hawafiki huko.

Jumamosi nikaenda kwake, tukaiangalia ile klipu mpaka mwisho. Hakuna jina la utafiti hata mmoja, ila sekunde za mwisho inatokea namba ya kuagiza unga wa ndimu, elfu 35 kopo. Kopo lenyewe lilikuwa juu ya friji, limefika nusu. Pembeni yake karatasi ya dawa zake za sukari, vidonge vyote vipo. Jumatatu alfajiri nikampeleka kliniki.