Duka Likisogea Karibu, Mfuko Je?

Kwa hesabu za FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 watu zaidi ya bilioni 2.8 duniani hawakumudu gharama ya mlo bora. Wengi wao hawakulala njaa. Walishiba wanga, sukari na mafuta, vitu vinavyojaza tumbo kwa fedha kidogo. Ndiyo maana katika nyumba moja unaweza kumkuta mtoto mwenye upungufu wa damu na mzazi mwenye kisukari, na wote wanapakuliwa kutoka sufuria moja.

Kuhusu chanzo, watu wamegawanyika. Wapo wanaosema kikwazo ni umbali: mitaa ya maskini imejaa soda na vyakula vya kukaanga, lakini matunda na mboga ni mpaka upande gari. Marekani iliufanyia kazi mtazamo huu. Wizara yake ya Kilimo ilichora ramani ya maeneo yanayoitwa majangwa ya chakula, ikitumia vipimo kama maili moja mjini na maili 10 vijijini kutoka duka kubwa la chakula, na fedha za umma zikasaidia kufungua maduka katika maeneo hayo.

Matokeo yalivunja moyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu mtaa mmoja wa Philadelphia uliopata duka jipya ulionyesha kuwa wakazi waliona chakula kimekuwa rahisi kupatikana, lakini hawakuongeza matunda na mboga, wala uzito wao haukupungua. Mwaka 2019 wachumi Hunt Allcott, Rebecca Diamond na wenzao walikadiria kwamba hata maskini wangepata bidhaa na bei zilezile wanazopata matajiri, pengo la lishe kati yao lingepungua kwa takriban asilimia 10 tu.

Hapo ndipo upande wa pili unaposema: mnaona, watu wanachagua wenyewe, wapeni elimu. Nakubali kwamba elimu inahitajika. Ila kuliita hilo chaguo ni kuruka hatua. Bei ileile haina uzito uleule kwa kila mfuko. Mwenye kipato cha kubahatisha akinunua mboga ambazo watoto wanazikataa, au zinazooza kwa kukosa jokofu, amepoteza mlo mzima. Mwenye nacho amepoteza mboga tu. Anayerudi kazini usiku ana njaa na uchovu pamoja, na kilichokwisha kupikwa ndicho kinachomfaa. Huyo anajua vizuri kabisa faida ya matunda. Kumhubiria lishe bila kumpunguzia gharama ni kumwongezea lawama juu ya ugonjwa.

Ushahidi unaonishawishi zaidi unatoka kaunti ya Hampden, jimbo la Massachusetts, hukohuko Marekani. Kati ya mwaka 2011 na 2012, baadhi ya familia zinazopokea msaada wa chakula wa serikali zilirudishiwa senti 30 kwa kila dola waliyotumia kununua matunda na mboga. Walikula matunda na mboga kwa takriban robo zaidi ya wenzao wasiorudishiwa, bila kusubiri duka jipya wala kuhamishwa mtaa.

Kwa kipimo cha mezani, ongezeko hilo lilikuwa kama robo kikombe kwa siku. Ni dogo ukilinganisha na gramu 400 ambazo Shirika la Afya Duniani linapendekeza, kwa hiyo ruzuku peke yake haifiki mbali. Na kwa anayeishi maili 10 kutoka duka la karibu, hasa mgonjwa au mzee asiye na usafiri, senti zinazorudishwa zinaishia kwenye nauli. Kwake wanaolilia umbali wako sahihi kabisa, na duka lije kwanza. Kwa mitaa ya mjini, ambako duka tayari liko ndani ya mwendo wa miguu, fedha ya kujenga jingine ningeihamishia kwenye mfuko wa mnunuzi.